Fedha isiyo na jina: yanayojenga na kubomoa ofisi ya wabia

Wanataaluma wanapoamua kufungua ofisi pamoja, mazungumzo ya kwanza huwa juu ya jina la ofisi na asilimia za faida. Yote mawili yangeweza kusubiri. Sisi tunaofunga hesabu za ofisi za namna hii, za mawakili, wahandisi, wasanifu majengo, madaktari na hata wahasibu wenzetu, tumezoea kuuliza jambo jingine kwanza: kila fedha iliyoingia, iliingia kwa jina gani? Mmoja alilipia pango la miezi 6 ya mwanzo. Ule ulikuwa mtaji, mkopo au msaada? Mwingine alileta kompyuta tatu na gari. Amevitoa viwe mali ya ofisi au ameviazimisha tu? Wa tatu hakuleta kitu mkononi ila wateja wanaomfahamu, na moyoni anaamini hao ndio mtaji mkubwa kuliko wote. Mwaka wa kwanza hakuna anayeuliza, kwa kuwa kuuliza kunaonekana kama kutoaminiana. Mwaka wa tatu kila mmoja ana jibu lake na yuko tayari kuliapia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye ubia habari huwa nyingi kupita kiasi. Kinachokosekana ni daftari.

Mkiacha pengo, sheria italijaza, na huenda msipende litakavyojazwa. Nchi nyingi zilizopata sheria zake kutoka Uingereza zilirithi misingi ya Sheria ya Ubia ya mwaka 1890, na misingi hiyo huwashangaza wengi wanapoisoma mara ya kwanza. Pasipo makubaliano mengine, faida na hasara hugawanywa sawa kwa sawa, hata kama mmoja alileta mtaji mara 10 ya mwenzake. Mbia hana haki ya mshahara, hata akikesha ofisini. Mtaji hauzai riba kabla faida haijajulikana, ila fedha aliyoikopesha ofisi zaidi ya mtaji aliokubali kuleta inazaa asilimia 5 kwa mwaka. Tazameni tofauti hiyo vizuri: kiasi kile kile, siku ile ile, kikiitwa mtaji hakizai kitu na kikiitwa mkopo kinazaa. Wabia walio wengi hawawezi kumfukuza mwenzao ila mkataba uwe umetamka hivyo. Kifo cha mmoja, au kufilisika kwake, huvunja ubia wote. Na ubia usiowekewa muda, yeyote anaweza kuuvunja kwa kutoa taarifa tu. Nchi mbalimbali zimerekebisha hili na lile, kwa hiyo someni sheria ya mahali ofisi ilipo. Mkiisoma kwa jicho hili moja, mtaona karibu kila kifungu cha mkataba wa ubia ni jibu kwa mojawapo ya mambo hayo.

Umbo la kisheria tulipitie haraka, maana mara nyingi bodi ya taaluma yenu ndiyo inayoamua. Kuna taaluma ambazo asiye na leseni haruhusiwi kuwa mbia wala kugawana ada, basi hata mwenye fedha nyingi hawezi kuingia kwa mlango huo. Kwenye ubia wa kawaida mdai wa ofisi anaweza kufikia mali binafsi ya mbia, na asipowapata wengine atamfuata yule aliye na nyumba. Ubia wenye dhima yenye ukomo ulibuniwa kupunguza hofu hiyo: jimbo la Texas, Marekani, lilitunga sheria yake mwaka 1991, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 2000 iliyoanza kutumika Aprili 2001. Unasaidia, ila kuna mambo mawili usiyoyakinga. La kwanza ni kosa lako mwenyewe la kitaaluma. La pili ni dhamana binafsi uliyoitia saini benki, na ofisi changa ni nadra kukopeshwa bila saini hiyo. Msilipe gharama za usajili mkidhani mmenunua ngao ya kila kitu.

Sasa mtaji. Ofisi ya wanataaluma haina shehena ya bidhaa ghalani, ndiyo maana wengi hudhani haihitaji mtaji zaidi ya meza na viti. Shehena yake ni kazi iliyofanyika lakini haijalipwa, na haionekani kwa macho. Hesabu yake ni nyepesi. Chukueni gharama za mwezi mmoja zikiwa zimejumuisha pango, mishahara, programu za kompyuta, usafiri, na kiasi ambacho wabia wenyewe watachukua ili familia zao ziishi. Hicho cha mwisho husahaulika kila mara, eti kwa kuwa mbia si mwajiriwa. Tuseme jumla ni milioni 10, kwa fedha yoyote mnayotumia. Kazi ya kawaida inachukua siku 45 tangu ianze mpaka ankara itoke, na mteja analipa siku 60 baada ya ankara. Hizo ni siku 105, yaani miezi mitatu na nusu ya kulipa wengine kabla ninyi hamjalipwa. Mnahitaji milioni 35. Ongezeni vile vinavyolipwa mara moja mwanzoni (samani, vifaa, amana ya pango, leseni, bima ya mwaka wa kwanza), tuseme milioni 15, mfike 50. Juu yake wekeni robo kwa ajili ya mteja mkubwa atakayechelewa, maana atachelewa. Mnaanza na milioni 62 na nusu, au mnapunguza ukubwa wa ofisi.

Kabla ya kukimbilia benki, rudini kwenye zile siku 105. Mkitoa ankara kila baada ya siku 30 badala ya kungoja kazi iishe, na mkabana malipo yawe siku 45, mnapata siku 75, na fedha inayohitajika inashuka hadi milioni 25. Milioni 10 zimepatikana bila riba wala rehani. Malipo ya awali kutoka kwa mteja hufanya kazi hiyo hiyo, ila angalieni: katika taaluma fulani, uwakili hasa, fedha ya mteja isiyofanyiwa kazi bado inakaa kwenye akaunti ya amana na si yenu kuigusa. Kulipa pango kwa fedha ya amana, hata kwa siku mbili tu, ni njia fupi ya kupoteza leseni.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini ofisi huishiwa fedha wakati kazi zimejaa. Mkiajiri watu wawili na gharama zikapanda kutoka milioni 10 hadi 14 kwa mwezi, kwa siku zile zile 105 mnahitaji milioni 49 badala ya 35. Kukua kumekula milioni 14 kabla hakujaleta kitu. Wabia hutazamana na kuulizana nani anachota, kumbe hakuna anayechota. Fedha iko kwa wateja.

Vyanzo ni vichache. Wabia wenyewe, mkopo wa muda maalumu, ovadrafti (ruhusa ya benki kutoa fedha zaidi ya salio lililomo kwenye akaunti), na kukodi vifaa kwa mkataba wa miaka kadhaa. Kanuni ya wakongwe ni kuoanisha umri wa deni na umri wa kitu: mashine ya picha za eksirei itakayodumu miaka 7 isilipiwe kwa ovadrafti ambayo benki inaweza kuidai yote kwa taarifa fupi, na mishahara isilipwe kwa mkopo wa miaka 5. Ovadrafti isiyorudi juu ya sifuri hata siku moja kwa mwaka mzima si ovadrafti tena. Ni mtaji uliopungua, na wabia wanapaswa kuujaza wao au kuugeuza mkopo wenye marejesho.

Benki itaomba dhamana. Hapo someni maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake benki inaweza kumdai mmoja wenu deni zima, kisha ninyi mkadaiane wenyewe. Jaribuni kuomba kila mbia adhamini hadi kikomo fulani, kwa mfano sehemu yake tu. Benki ikikataa, andikeni kwenye mkataba wenu wa ubia kwamba atakayelipa zaidi ya sehemu yake atafidiwa na wenzake, na kwa uwiano upi. Halitaifunga benki, ila litawafunga ninyi.

Vitu vinavyoletwa badala ya fedha vinahitaji karatasi moja tu: maelezo ya kitu, thamani iliyokubaliwa, tarehe, na saini za wote. Thamani iwe ya soko la siku hiyo, si bei ya kununulia. Kama ni gari, kadi ya umiliki ibadilishwe. Kama haibadilishwi, basi si mtaji, ni kitu cha kukodi, na ofisi ilipe ukodishaji. Jengo la mmoja wa wabia tungeshauri lisiingizwe kabisa kwenye mtaji. Ofisi ipange kwa mkataba wa upangaji kama mpangaji mwingine yeyote. Likiingizwa, siku ya kuachana hakuna atakayekubali bei, na hamuwezi kukata chumba kimoja mkampa anayeondoka.

Orodha ya wateja ndiyo ngumu. Mteja si kiti, hawezi kuhamishwa kwa saini ya mtu. Njia iliyo salama ni kumlipa aliyewaleta kwa sehemu ya ada zinazopokelewa kutoka kwao kwa muda mfupi, tuseme asilimia 10 kwa miezi 24, badala ya kuandika kiasi fulani kwenye akaunti yake ya mtaji. Wateja wasipokuja, hakuna anayedai hewa.

Kila mbia awe na akaunti mbili vitabuni. Akaunti ya mtaji haibadiliki ovyo: kilichomo kimekubaliwa na wote, na hakitoki bila wote kukubali. Akaunti ya mapato ndiyo inayocheza: faida yake inaingia, anachochukua kinatoka. Mkiyachanganya haya mawili, mbia aliyechukua zaidi ya faida yake atakuwa amekula mtaji polepole bila yeyote kuona, hata yeye mwenyewe.

Kwenye mgao, "sawa kwa sawa" hufaa pale tu mtaji, saa za kazi na wateja vinapokaribiana. Visipokaribiana, gaweni kwa ngazi tatu: riba juu ya mtaji, ujira wa kazi, kisha kinachobaki. Tuchukue wabia watatu wenye mitaji ya milioni 60, 30 na 10. Riba ya mtaji ni asilimia 8. Ujira wa kazi ni milioni 20 kwa wa kwanza, ambaye anafanya kazi nusu ya wiki na kidogo, na 30 kwa kila mmoja wa wengine. Kinachobaki kinagawanywa 40, 30, 30 kwa mia. Faida ikiwa milioni 120, riba inachukua 4.8, 2.4 na 0.8, ujira unachukua 80, zinabaki 32, zinazogawanyika 12.8, 9.6 na 9.6. Wa kwanza anaondoka na 37.6, wa pili 42, wa tatu 40.4. Kila mmoja anaona fedha yake ilivyolipwa na jasho lake lilivyolipwa, na malalamiko hupungua.

Lakini rudieni hesabu hiyo mwaka ukiwa mbaya, faida iwe milioni 70. Riba na ujira vinadai 88. Upungufu ni 18, na kwa uwiano ule ule wa 40, 30, 30 unakatwa 7.2, 5.4 na 5.4. Wa kwanza anabaki na 17.6, wa pili 27, wa tatu 25.4. Mwenye mtaji mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akipata zaidi kidogo ya asilimia 31 ya faida, sasa anapata takriban 25. Huenda ni haki. Huenda alipoona ile 40 alidhani inamfaa siku zote. Mkataba useme kama ujira unasimama hata faida isipotosha, au wote wanapunguziwa kwanza. Hatujaona mtihani mzuri wa mkataba kuliko kuupitisha kwenye namba tatu, mwaka mwema, mwaka wa wastani na mwaka wa hasara, kalamu mkononi, kabla ya saini. Inachukua mchana mmoja. Kama kuna mtu atanuna, na anune siku hiyo.

Kuchukua fedha kabla ya hesabu za mwaka kufungwa ndiko kunakotoboa mtungi. Katika nchi nyingi ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Kila mbia anatozwa kwa sehemu yake ya faida, awe ameichukua au hajaichukua. Hapo ndipo mtu hujikuta anadaiwa kodi ya faida ambayo bado iko kwa mteja asiyelipa. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: kila mwezi mbia achukue kiasi kisichobadilika, kama asilimia 50 au 60 ya sehemu yake kwa makadirio ya chini. Siku hiyo hiyo fedha ya kodi ihamishwe kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi. Kinachobaki kisubiri hesabu kufungwa na wadeni kulipa. Akaunti ya mapato ya mbia ikienda hasi, itozwe riba ile ile ambayo benki inaitoza ofisi, na pengo lijazwe ndani ya siku 90. Bila kifungu hicho, mwenye nidhamu anamkopesha asiye na nidhamu bure.

Kuhusu saini, wengi huandika "wawili kati ya watatu" wakaona wamemaliza. Kisha mmoja anasafiri, anaacha kile kifaa kidogo cha namba za siri za benki kwenye droo ya katibu muhtasi pamoja na karatasi yenye neno la siri, na tangu siku hiyo malipo yote yanaidhinishwa na mtu mmoja kwa mikono miwili. Wekeni viwango badala yake: malipo madogo saini moja, makubwa mbili, na mikopo au ukodishaji wowote saini za wote. Anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha. Kila mwezi, kabla ya tarehe 10, karatasi moja iwafikie wabia wote: salio la benki, ankara zisizolipwa zikipangwa kwa siku 30, 60 na 90, kazi ambayo haijatolewa ankara, na salio la akaunti ya mapato ya kila mbia. Hilo la mwisho huonekana la aibu mwanzoni. Ni aibu yenye faida.

Wabia wawili wenye nusu kwa nusu wana tatizo lao: wakikwama, hakuna wa kuwakwamua. Baadhi ya mikataba huweka kifungu ambapo mmoja anataja bei na mwenzake anachagua, ananunua kwa bei hiyo au anauza kwa bei hiyo. Kinasikika cha haki, na ni cha haki kati ya watu wenye mifuko sawa. Mmoja akiwa na akiba na mwingine ana mkopo wa nyumba, mwenye akiba atataja bei ya chini akijua mwenzake hana cha kununulia. Afadhali mkubaliane jina la msuluhishi mwanataaluma mapema, na yale mambo machache ambayo akiyaamua ndiyo basi.

Kutoka kuandikwe wakati wa kuingia. Taarifa ya miezi 6 ni ya kiasi kwa kazi nyingi. Anayeondoka alipwe nini? Ofisi kadhaa zimeamua kutohesabu kabisa thamani ya jina la ofisi: hukuinunua ulipoingia, huiuzi unapotoka, unachukua mtaji wako na salio la mapato. Tunaipendelea njia hii, kwa sababu kununua jina humlazimu mbia kijana kukopa kabla hajapata hata ankara moja, na kulilipa jina mtu anapostaafu hukausha ofisi. Hata bila jina, malipo yagawanywe. Mtaji wa 30 na mapato ya 12 ni milioni 42. Kwa awamu 8 za kila robo mwaka ni milioni 5.25 kila awamu, kiasi ambacho ofisi inaweza kukibeba huku ikitafuta wa kuziba nafasi. Kwa kifo, bima ya maisha ya kila mbia yenye kiasi sawa na mtaji wake huwalipa warithi bila kuuza meza.

Bima ya dhima ya kitaaluma ina tabia ambayo wengi huigundua wamechelewa: kwa kawaida inayolipa ni ile iliyo hai siku dai linapoletwa, si ile iliyokuwapo siku kosa lilipofanyika. Mhandisi aliyekosea hesabu ya nguzo leo anaweza kudaiwa baada ya miaka minne, wakati ameshaondoka au ofisi imefungwa na hakuna anayelipa ada ya bima. Mkataba useme nani ataendelea kuilipia, na kwa miaka mingapi.

Siku ya kuondoka kwenyewe, mambo matano yafanyike kwa maandishi. Wateja na wauzaji wajulishwe, maana anayekujua kama mbia anaweza kuendelea kukudai mpaka apate taarifa. Benki itoe barua ya kumfungua na dhamana. Kuondoka ofisini peke yake hakumfungui. Saini yake ifutwe kwenye akaunti zote. Mafaili yagawanywe kwa orodha, kila mteja akiulizwa anabaki na nani. Na laini ya simu ya ofisi, jina la tovuti na barua pepe vikaguliwe vimesajiliwa kwa nani. Mara nyingi vipo kwa jina la mbia mdogo kuliko wote, aliyetumwa kuvisajili wiki ya kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kadi ya benki mfukoni, na hajarudishiwa fedha yake mpaka leo.